Imani ya jadi ya Waaborijini na ardhi yao: je, ni sawa na mizimu yetu?

Mwalimu wa Chumbageni (Tanga)

Assalaam alaykum, na salaamu kwa wanajukwaa wote.

Ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Tanga. Tulipofika kwenye mada ya ukoloni na unyang'anyi wa ardhi, wanafunzi walitaka kujua kama kuna watu wengine duniani waliopatwa na yale yaliyowapata Wabondei na Wadigo wakati mashamba ya mkonge yalipofunguliwa, nami nikawatajia Waaborijini wa Australia. Tatizo ni kwamba vitabu tulivyonavyo huwapa watu hao aya moja tu: walikuwa wawindaji, Waingereza walifika mwaka 1788, wengi wakafa kwa magonjwa na kwa bunduki. Kuhusu imani yao huandikwa kwamba waliamini "Zama za Ndoto", na mwandishi hupita zake.

Mambo mawili yamezusha mjadala darasani. Kwanza, mwanafunzi mmoja alidai kwamba imani hiyo ni mizimu tu, kama ile inayotambikiwa ndani ya Mapango ya Amboni ambako watu huacha ubani, marashi na sarafu. Mwenzake akapinga kwamba mzimu ni wa ukoo, ilhali wale wanaabudu mawe na wanyama. Pili, nimesoma kwamba mahakama na serikali ya Australia zimewahi kupokea nyimbo na michoro ya kidini kuwa ushahidi wa nani mwenye ardhi. Kwetu mtu akifika mbele ya baraza la ardhi la kata na kusema shamba ni la ukoo wake kwa sababu babu yao hutambikiwa chini ya mbuyu uliomo, wajumbe watamsikiliza kwa adabu kisha watamuuliza mashahidi wa mipaka wako wapi. Wenzetu waliwezaje?

Ningeomba tusiugeuze uzi huu kuwa ubishi wa dini ipi ni ya haki.

Mzee wa Kaole (Bagamoyo)

Wa alaykum salaam, mwalimu wetu. Nitaanza na swali la kwanza, maana la pili halifunguki bila hilo.

Waaborijini si kabila moja. Waingereza walipofika, bara lile lilikuwa na lugha zaidi ya 250, na watu wake walikuwa wamekaa humo kwa muda ambao akili hupata taabu kuukadiria. Kwenye Ziwa Mungo, ambalo sasa ni bonde kavu katika jimbo la New South Wales, mwaka 1968 ilipatikana mifupa ya mwanamke aliyechomwa na kuzikwa kwa taratibu maalumu yapata miaka 40,000 iliyopita. Magofu yetu ya Kaole, ambayo huku Bagamoyo tunajivunia ukongwe wake, yalianza karne ya 13.

Pamoja na wingi huo, kuna msingi unaokutikana karibu kila mahali. Wahenga wa imani hiyo si marehemu wa ukoo. Ni viumbe wenye uwezo mkubwa, wengine wenye umbo la mtu, wengine la nyoka, la kangaruu au la mamba, waliotembea juu ya nchi ilipokuwa bado haina sura, na kila walipopigana, walipolala au walipochimba, hapo pakatokea mlima, kisima, mto au jabali. Walipomaliza safari zao waliingia ardhini, na wamo humo hadi sasa. Katika safari hizo hizo waliweka sheria: nani amwoe nani, chakula gani ni mwiko kwa nani, sherehe ipi ifanyike wapi na nani aiongoze. Waanangu, wenye mwamba wa Uluru katikati ya Australia, huyaita yote hayo Tjukurpa, ndiyo hayo ambayo vitabu vyenu huyaita "Zama za Ndoto", na kwao hiyo si hadithi ya kale iliyokwisha bali ni sheria inayotumika leo asubuhi. Kwa hiyo mwanafunzi wako wa pili naye ajue kwamba jiwe haliabudiwi. Jiwe ni alama ya mhenga, au ni mwili wake hasa, na watu wana wajibu wa kulitunza, kuliimbia na kuwafundisha wanaofuata.

Mzimu wa kwetu hutambikiwa na wajukuu wanaomkumbuka kwa jina, na wajukuu wakihama wanaweza kuhama naye. Wazigua walioingia Somalia katika karne ya 19, wengine kwa sababu ya njaa na wengine kwa utumwa, walikwenda na lugha yao na ngoma zao hadi bonde la mto Juba. Mwaborijini aliyehamishwa kwa nguvu hawezi kukihamisha kisima alichokiumba mhenga wake. Sherehe ya mahali hufanywa mahali hapo, na wenye haki ya kuifanya ni watu wa hapo. Miongoni mwa Waarrernte wa jangwa la kati iliaminika kwamba roho ya mtoto hutoka katika mahali ambapo mama yake alihisi mimba kwa mara ya kwanza, hivyo mtu hufungamana na mahali hapo maisha yake yote hata kama wazazi wake ni wa kwingine.

Njia walizopita wahenga huhifadhiwa katika nyimbo ndefu zinazotaja kila kituo kwa mpangilio, na mtu anayezijua anaweza kuvuka jangwa kwa kuzifuata, maana vituo vingi ni visima. Mojawapo ya njia ndefu kabisa ni ya dada saba wanaokimbia mwanamume anayewataka kwa nguvu, ambao mwishoni hupaa na kuwa nyota. Nyota hizo wazee wetu wanazijua: ni Kilimia, kile ambacho kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Sisi tulikitazama kwa ajili ya kulima. Watu wa jangwa wanakisoma pia ardhini, jabali kwa jabali, kwa mamia ya kilomita.

Sasa la pili. Uingereza ilichukua bara zima bila mkataba wowote na wenyeji, na sheria yake ikaja kushikilia kwamba nchi ile ilikuwa haina mwenyewe. Wajerumani walitufanyia jambo la karibu na hilo mwaka 1895, walipotangaza kwa amri ya Kaiser kwamba ardhi ambayo hakuna aliyethibitisha haki juu yake ni mali ya dola. Wanafunzi wako wakiiweka amri hiyo kando ya historia ya mkonge wataelewa haraka.

Mwaka 1963 Wayolngu wa Yirrkala, pwani ya kaskazini ya Australia, walipeleka bungeni ombi lililobandikwa kwenye magome ya mti yaliyochorwa alama takatifu za koo zao, wakipinga ardhi yao kutolewa kwa mgodi wa boksiti. Mgodi ukaendelea, nao wakaenda mahakamani. Mwaka 1971 Jaji Blackburn alikubali kwamba Wayolngu wana mfumo kamili wa sheria na kwamba wanaufuata, kisha akaamua kwamba mfumo huo hauwapi haki ya mali inayojulikana katika sheria ya Kiingereza, kwa kuwa aliona ni rahisi zaidi kusema kwamba ukoo ni wa ardhi kuliko kusema kwamba ardhi ni ya ukoo. Hayo ndiyo waliyokuwa wakimweleza tangu mwanzo. Kwa maoni yangu walishindwa kwa sababu ya kueleweka vizuri.

Hukumu ile iliwaudhi watu wengi, na mwaka 1976 bunge likatunga sheria ya ardhi kwa ajili ya eneo linaloitwa Northern Territory. Humo wenye ardhi wa jadi wanaelezwa kuwa ni kundi la ukoo lenye uhusiano wa pamoja wa kiroho na mahali fulani, linalobeba wajibu mkuu wa kiroho juu ya mahali hapo. Kilichowaangusha mwaka 1971 kikawa ndicho kigezo. Tangu hapo, anayedai ardhi chini ya sheria hiyo hana budi kuonyesha kwamba anaijua sheria ya wahenga ya mahali hapo na anaitimiza, na ndiyo sababu nyimbo na michoro ikaingia katika vikao vya kusikiliza madai.

Kwa Australia nzima mabadiliko yalikuja tarehe 3 Juni 1992, pale Mahakama Kuu ilipoitupilia mbali dhana ya nchi isiyo na mwenyewe katika shauri la Eddie Mabo, mtu wa kisiwa cha Mer katika mlangobahari wa Torres. (Watu wa visiwa hivyo ni wenyeji pia, lakini wanajihesabu kuwa watu mbali na Waaborijini.) Mabo mwenyewe alikuwa amefariki mwezi Januari mwaka huo. Sheria ya kuutekeleza uamuzi huo ikapitishwa mwaka 1993, na mwaka 1997 wenyeji wa Jangwa Kuu la Mchanga walichora turubai moja la mita 8 kwa 10 likionyesha nchi yao na visima vyake, kisha kila aliyetoa ushahidi akasimama juu ya sehemu yake ya mchoro na kuzungumza kwa lugha yake. Haki yao ilitambuliwa mwaka 2007.

Msafiri wa Ngamiani (Tanga)

Mzee wangu, shikamoo. Mwalimu amekataza ubishi wa dini nami nitautii mpaka huo, lakini nina shaka ya kisheria. Hati ina muhuri, na shahidi wa mipaka anaweza kuhojiwa na kubanwa. Wimbo je? Ikiwa kuna madini chini ya ardhi, kitu gani kinamzuia mtu mwerevu asitunge wimbo jana usiku, leo akadai alirithishwa na babu yake? Mimi ningekuwa jaji ningeogopa sana mlango huo.

Bint Makorora (Tanga)

Kaka Msafiri, shaka yako ina msingi, na huko Australia iliwahi kutikisa nchi. Lakini kwanza nikueleze kwa nini kutunga si rahisi kama unavyodhani. Wimbo wa njia moja hupita katika nchi za watu wengi wenye lugha mbalimbali, na kila kundi lina kipande chake na halina ruhusa ya kuimba kipande cha jirani. Anayedai kituo ambacho si chake atakanushwa na wa mashariki yake na wa magharibi yake. Aidha, kwa Wayolngu na wengine wengi, haki haimkai mtu mmoja: wapo wanaorithi mahali kwa upande wa baba, na wapo watoto wa mabinti wa ukoo huo ambao kazi yao ni kusimamia kwamba sherehe inafanywa sawasawa. Mwenye ardhi hawezi kuendesha sherehe yake bila hao wasimamizi kuwepo.

Ugumu uko kwingine, katika siri. Elimu nyingi ya Waaborijini hutolewa kwa ngazi, kwa kufuata umri na jinsia, na ipo ya wanaume isiyotamkwa mbele ya wanawake na ipo ya wanawake isiyotamkwa mbele ya wanaume. Sisi tuliolelewa Tanga hatuhitaji maelezo marefu juu ya hilo. Mwite kungwi mbele ya hakimu mwanamume, umwambie aeleze hatua kwa hatua yale anayowafundisha wari ndani, uone kama utapata neno moja.

Hilo ndilo lililotokea katika shauri la kisiwa cha Hindmarsh, karibu na mdomo wa mto Murray kusini mwa Australia. Wanawake wa Kingarrindjeri walipinga ujenzi wa daraja la kwenda kisiwani kwa hoja kwamba mahali hapo panahusika na mambo matakatifu ya wanawake yasiyoweza kutangazwa. Mwaka 1994 waziri wa serikali kuu alizuia daraja, baada ya kuletewa maelezo yaliyofungwa katika bahasha za kusomwa na wanawake tu. Baadhi ya wanawake wa kabila hilo hilo wakajitokeza na kusema hawajawahi kusikia jambo hilo, na mwaka 1995 tume ya uchunguzi ya jimbo ikahitimisha kwamba imani hiyo ilitungwa ili kuzuia daraja. Wenye kudai siri walikuwa wamekataa kutoa ushahidi mbele ya tume. Daraja likajengwa na likafunguliwa mwaka 2001, na mwaka huo huo jaji wa mahakama ya shirikisho, baada ya kusikiliza shauri la fidia lililohusu jambo hilo hilo, akasema hakuridhika kwamba madai ya wanawake wale yalikuwa ya kutunga.

Kwamba baadhi ya wanawake hawakujua, mimi sikuona ajabu hata kidogo. Mitaani kwetu wako wanawake watu wazima ambao hawakuchezwa unyago, na kutojua kwao hakuwafanyi makungwi kuwa waongo.

Nahodha wa Pangani

Salaamu, mwalimu na wakubwa wote. Nyinyi mmezungumza habari za jangwa na majabali, nami niongeze za bahari, kwa kuwa wengi wetu hudhani Waaborijini walikaa peke yao bila kuonana na mtu mpaka Mwingereza alipotia nanga.

Wayolngu aliowataja Mzee wa Kaole walifanya biashara na Wamakassar wa Sulawesi, ambao ni Waislamu, kwa muda usiopungua karne moja na nusu. Mabaharia hao walisukumwa na pepo za msimu kama majahazi yetu ya kaskazi na kusi: walifika karibu na Desemba upepo wa kaskazini magharibi ulipoanza, na wakarudi kwao upepo ulipogeuka. Walichofuata ni majongoo bahari, ambayo watu wa pwani yetu huyajua kwa biashara na si kwa kitoweo. Waliyachemsha ufukweni katika masufuria makubwa ya chuma, wakayakausha kwa moshi na kuyapeleka kwenye soko la China. Mikwaju iliyoota kutokana na chakula chao bado inaonyesha kambi zao zilikuwa wapi. Serikali ya kikoloni iliwanyima vibali, na safari zikakoma mwaka 1907.

Linalohusu mada yetu ni kwamba wageni hao waliingia katika dini yenyewe. Katika baadhi ya maziko ya Kiyolngu husimamishwa mlingoti wenye bendera, na huimbwa nyimbo za chombo kinachotweka tanga kurudi kwao, kwa maana kwamba marehemu ameondoka kama walivyokuwa wakiondoka Wamakassar. Anayedhani imani ya jadi ni kitu kilichoganda tangu zama za mawe na atafakari hilo. Na kwa wapenzi wa historia ya pwani yetu: mwaka 1944 askari aliyekuwa akilinda visiwa vya Wessel, huko huko kaskazini, aliokota mchangani sarafu za shaba, na tano kati ya hizo zilikuja kutambuliwa kuwa ni za masultani wa Kilwa. Wataalamu wanabishana hadi leo juu ya jinsi zilivyofika.

Sasa shauri ambalo mwalimu asiliache. Mwaka 1996 Djambawa Marawili, kiongozi wa ukoo wa Madarrpa, alikuta kichwa cha mamba kilichokatwa na kutupwa kwenye kambi ya wavuvi walioingia bila ruhusa katika mahali patakatifu. Mamba, kwa jina lao Bäru, ndiye mhenga wa ukoo huo, na mahali hapo ndipo makao yake. Badala ya kulipiza kisasi, yeye na wazee wa koo jirani walichora magome 80 yanayoeleza sheria ya maji ya chumvi: mkondo upi ni wa nani, mwamba upi ni wa mhenga yupi, maji yanapokutana yanaitwaje. Kisha wakaenda mahakamani. Tarehe 30 Julai 2008 Mahakama Kuu iliamua kwamba katika ardhi ya Waaborijini ya Northern Territory, maji yanayofunika eneo la kupwa na kujaa yamo ndani ya haki yao, na mvuvi wa nje anahitaji ruhusa yao. Hiyo ni sehemu kubwa ya pwani yote ya huko. Nimewasimulia habari hizi wavuvi wenzangu ambao hupishana kila mwaka na wenye hoteli juu ya nani mwenye ufuko, na swali lao lilikuwa moja tu: michoro hiyo inauzwa wapi.

Mwalimu wa Chumbageni (Tanga)

Ninawashukuru sana. Mzee wangu, shikamoo, na nivumilie kwa swali moja la mwisho. Ikiwa imani imefungwa kwenye ardhi kiasi hicho, na watu wakaondolewa kwenye ardhi, na ninasoma kwamba hata watoto walichukuliwa, imani hiyo imebaki kwa nani?

Mzee wa Kaole (Bagamoyo)

Marahaba, mwalimu. Imebaki kwa viwango tofauti. Kusini mashariki, ambako walowezi walijaa mapema, ndui ya mwaka 1789 ilimaliza watu wengi wa eneo la Sydney kabla ya vita vyenyewe kupamba moto, na lugha nyingi zikafa pamoja na nyimbo zake. Huko wajukuu wanakusanya yaliyobaki kutoka kwa wazee na kutoka katika kumbukumbu zilizoandikwa na wageni. Kaskazini na jangwani, ambako walowezi walichelewa kufika, sheria haikukatika.

Watoto ni kweli. Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi miaka ya 1970, serikali na misheni ziliwachukua watoto, hasa wenye mzazi mzungu, wakalelewa katika taasisi na kwa familia za wazungu ili wasahau ya kwao. Ripoti ya mwaka 1997 ilikadiria kuwa kati ya mtoto mmoja katika kila kumi na mmoja katika kila watatu alichukuliwa, na tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd akaomba radhi bungeni. Wengi wa Waaborijini leo ni Wakristo, au husema hawana dini, na wapo Wakristo wengi wanaotimiza wajibu wao kwa nchi ya wahenga bila kuona mgongano. Hapa Bagamoyo, penye misheni ya tangu 1868 na makaburi ya masharifu yanayozuriwa, tusijifanye kushangaa.

Kuna na habari ya mifupa, ambayo kwetu si ngeni, maana fuvu la Mkwawa lilirudi kutoka Ujerumani mwaka 1954. Yagan, shujaa wa Wanoongar, wenyeji wa kusini magharibi mwa Australia, aliuawa mwaka 1833, kichwa chake kikakaushwa kwa moshi na kupelekwa Uingereza. Kilikaa katika jumba la makumbusho la Liverpool, kikazikwa huko mwaka 1964, kikafukuliwa na kurudishwa mwaka 1997, na hatimaye kikazikwa katika nchi yake mwaka 2010. Kwa wenye imani ile, maiti aliye mbali na nchi yake hana pa kwenda, kwa hiyo madai ya kurudishiwa mifupa ni jambo la ibada kabla hayajawa la siasa.

Mwishowe usiwaambie wanafunzi kwamba sheria za 1976 na 1993 zilimaliza kazi. Waanangu walirudishiwa hati ya Uluru tarehe 26 Oktoba 1985, kwa sharti la kuukodisha kwa hifadhi ya taifa kwa miaka 99, na ilichukua hadi tarehe kama hiyo mwaka 2019 ndipo watalii wakazuiwa kuupanda. Na mwezi Mei mwaka 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan, magharibi mwa Australia, yenye dalili za kukaliwa tangu miaka 46,000 iliyopita, ili kupanua mgodi wa chuma. Wenyewe, Wapuutu Kunti Kurrama na Wapinikura, walikuwa wametambuliwa kisheria kuwa wenye haki ya jadi mahali hapo. Kampuni nayo ilikuwa na kibali halali cha jimbo, kilichotolewa chini ya sheria ya mwaka 1972 iliyotungwa kwa ajili ya kulinda urithi wa Waaborijini.